Kanda ya mazoezi iliyomaliza ya nne Eurovision: Funzo kwa vijana wanaotuma video za mashindano

SAA nne kamili usiku, Jumamosi, Mei 22, 2021. Kama ulikuwa Nairobi, unakumbuka saa nne ilimaanisha nini siku hizo: kafyu. Mathree ya mwisho ilikuwa imeshapita mbio, kinyozi wa chini amefunga, na mtaa umenyamaza kama kijiji. Mimi na dadangu mdogo tulikuwa tumejibanza kitandani kwangu Umoja, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, bando ya usiku imenunuliwa mapema isije ikatuaibisha katikati.

Dakika hiyo hiyo, ikiwa saa tatu usiku kule Rotterdam, Uholanzi, fainali ya shindano la nyimbo la Eurovision ilikuwa inang'oa nanga. Nchi 26, nyimbo 26, na mashabiki 3,500 waliopimwa corona kabla ya kuruhusiwa kuingia ukumbini.

Zamu ya Iceland ilipofika, hakuna aliyepanda jukwaani. Kundi la Daði og Gagnamagnið lilikuwa limefungiwa karantini baada ya mmoja wao kupatikana na virusi siku tatu kabla. Kilichoonyeshwa dunia nzima ni kanda ya mazoezi yao, iliyorekodiwa siku kadhaa nyuma ukumbi ukiwa hauna watu. Wenyewe walikuwa kwenye runinga wakijitazama, kama mimi na wewe.

Kanda hiyo ilimaliza ya nne. Pointi 378.

Dadangu aliinuka akaketi. "Brathe," akaniuliza, "mbona kanda ya hawa imehesabiwa na yangu ikapuuzwa?"

Sikuwa na jibu usiku ule. Nimelifikiria swali hilo mara nyingi tangu hapo, kwa sababu najua si yeye peke yake. Wangapi kati yetu wamewahi kutuma video ya kuimba, kucheza densi au kuchekesha kwa shindano fulani la mtandaoni, wakabaki wakijiuliza kama kuna mtu aliyeitazama hata mara moja?

SHINDANO LENYEWE

Kwa wale ambao Eurovision hawaijui: ilianza 1956 mjini Lugano, Uswisi, ikiwa na nchi saba tu. Huandaliwa na EBU, muungano wa mashirika ya utangazaji ya umma ya Ulaya na maeneo jirani. Fikiria KBC na wenzake wakikutana kila mwaka, kila mmoja akileta msanii mmoja na wimbo mmoja. Nchi inayoshinda ndiyo kwa kawaida huwa mwenyeji mwaka unaofuata.

Sheria zake ni kali. Wimbo usizidi dakika tatu. Watu jukwaani wasizidi sita. Ala zinaweza kurekodiwa, lakini mwimbaji mkuu lazima aimbe papo hapo, bila kujificha nyuma ya sauti ya studio. Ukikosa noti, mamilioni wamekusikia ukiikosa. Hapo ndipo utamu wa Eurovision ulipo, na ndiyo maana wengi waliamini haiwezi kufanyika kwa mbali.

Kwetu huku mtu anaweza kuuliza, hayo ya wazungu yanatuhusu nini? Mwaka huo wa 2021 Sweden iliwakilishwa na Tusse, kijana aliyezaliwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, akakimbia vita akiwa mtoto na kuishi katika kambi ya wakimbizi Uganda kabla ya kufika Ulaya. Malta ilimtuma Destiny, binti ambaye babake anatoka Nigeria. Kwa hivyo sisi tuliokuwa tumelala Umoja na chupa ya chai tulikuwa na watu wetu pale, hata kama hatukuwa na bendera.

UKUMBI ULIPOGEUZWA HOSPITALI

Tuanze mwaka mmoja nyuma. Eurovision ya 2020 ilikuwa ifanyike Mei katika ukumbi huo huo wa Rotterdam Ahoy, nchi 41 zikishiriki. Mnamo Machi 18, 2020 EBU ilitangaza kwamba imefutwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa shindano hilo kufutwa tangu lianzishwe. Siku chache baadaye ukumbi wa Ahoy ukaanza kutayarishwa kupokea wagonjwa wa corona. Mahali pa jukwaa na taa, vitanda.

Kwetu mambo yalikuwa yanakwenda mbio hivyo hivyo. Shule zilikuwa zimefungwa katikati ya Machi, na kufikia Machi 27 kafyu ya kwanza ilikuwa imeanza, ile ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri.

Mbona EBU isingewaambia wasanii waimbe wakiwa makwao wakati huo? Wazo hilo lilikuwepo. Shida ilikuwa usawa. Wengine walikuwa tayari na wimbo, mavazi na studio. Wengine walikuwa wamefungiwa nyumbani wasiweze hata kufika mjini. Ukiwapambanisha hawa katika hali hiyo, utakuwa unalinganisha nyumba zao na kuacha sauti zao.

Kwa hivyo badala ya mashindano kukawa na onyesho. Mei 16, 2020, usiku ambao ungekuwa wa fainali, kipindi cha Europe Shine a Light kilipeperushwa kutoka studio mjini Hilversum. Nyimbo zote 41 zilitajwa na kuonyeshwa vipande, na wasanii wakaimba pamoja wimbo ulioipa Uingereza ushindi mwaka wa 1997, kila mmoja kipande chake akiwa nyumbani kwake. Hakukuwa na pointi wala mshindi.

Aliyeumia zaidi pengine ni Daði yule yule wa Iceland. Wimbo wake wa 2020, Think About Things, ulikuwa umeenea mitandaoni kabla hata ya shindano, watu wakiiga densi yake sebuleni, na wengi walimpigia upatu kushinda. Sheria ikasema nyimbo za 2020 haziwezi kurudi 2021. Ukitaka kurudi, tunga mwingine. Akatunga mwingine, 10 Years, kuhusu miaka kumi aliyoishi na mkewe, ambaye pia ni mwanakundi.

KANDA YA DADANGU

Nilisema nitalifikiria swali la dadangu, kwa hivyo sharti nieleze kanda yake.

Mwaka wa 2020 alikuwa kidato cha tatu katika shule ya kutwa, mwimbaji wa kuongoza katika kwaya ya shule. Walikuwa wameanza mazoezi ya tamasha la muziki la shule. Corona ikaingia, shule zikafungwa, na yeye akakaa nyumbani hadi Januari 2021. Tamasha likayeyuka hivi hivi, hakuna aliyewaambia hata pole.

Karibu Juni akaona tangazo mtandaoni. Waandalizi fulani, sitawataja, walikuwa na shindano la waimbaji vijana: tuma video ya dakika moja, majaji watasikiliza, mshindi apate pesa na siku moja studio. Msichana aliamka. Nyumbani hakukuwa na wimbo mwingine.

Shida ya kwanza ilikuwa kelele. Mchana mtaani kwetu huwezi kurekodi chochote. Kuna honi, kuna muuza mayai na smokie, kuna jirani na spika yake. Kumbe kafyu ilikuwa na faida moja. Baada ya saa tatu usiku kulikuwa na utulivu ambao sijawahi kuusikia Umoja. Alitundika blanketi dirishani, akasimama kati ya kabati na ukuta ili sauti isirudi mwangwi, nikamshikia simu. Simu yenyewe ilikuwa na ufa kwenye kamera, kwa hivyo kona moja ya video ilikuwa na ukungu. Alirudia mara kumi na nne. Ile ya kumi na nne ilinifanya nisahau kubonyeza kitufe cha kuzima.

Wiki mbili baada ya watu kutuma video, waandalizi wakatangaza kitu kipya: mshindi ataamuliwa kwa likes.

Ya dadangu ilipata 212, nyingi zikiwa za kanisani na za binamu zetu. Iliyoshinda ilikuwa na maelfu. Nami niliitazama kwa haki: kijana alikuwa na kipaji, lakini sauti ilikuwa imesafishwa studio hadi ikang'aa, na kulikuwa na droni iliyopita juu ya milima ya Ngong jua likichwea. Hukuweza kujua anaimba vipi hasa.

"Hawakunisikiliza," dadangu alisema. "Walihesabu tu marafiki zangu." Akaweka simu chini, na kwa miezi kadhaa sikumsikia akiimba hata akiosha vyombo.

WATOTO WALITANGULIA

Novemba mwaka huo nilimwonyesha kitu. Eurovision ina shindano la watoto, Junior Eurovision, la wenye umri wa miaka tisa hadi 14. Wakati wakubwa walikuwa wamefuta lao, watoto walifanya lao Novemba 29, 2020, na ndilo lililokuwa la kwanza katika familia ya Eurovision kufanywa kwa mbali.

Watangazaji walikuwa studio mjini Warsaw, Poland. Nchi zilikuwa 12. Nyingine kadhaa zilijiondoa kwa sababu ya corona. Nyimbo zilirekodiwa kabla ya siku ya fainali. Na hapa ndipo dadangu alipoanza kusikiliza kwa makini: majukwaa yalitakiwa kufanana katika kila nchi. Hakuna wa kuja na jukwaa la dhahabu huku mwenzake akisimama mbele ya pazia.

Upigaji kura nao ulimshangaza. Nusu ya pointi ilitoka kwa majaji wa kila nchi, wakiwemo watoto wenzao. Nusu nyingine ilitoka kwa kura za mtandaoni, na mtu yeyote duniani mwenye intaneti aliruhusiwa kupiga, hata sisi wa Umoja. Lakini hukuruhusiwa kuchagua wimbo mmoja tu. Ilibidi uchague angalau mitatu.

Ebu fikiria jinsi kanuni hiyo ndogo inavyobadilisha mambo. Umekuja kumpigia mtoto wa kwenu, sawa, mpigie. Lakini ni lazima usikilize wengine wawili wa kuwapa kura pia. Shabiki analazimika kuwa jaji kidogo.

Tulipiga kura sisi wawili kwa simu moja, tukibishana. Ufaransa ikashinda kupitia Valentina, msichana wa miaka 11, kwa pointi 200. Kazakhstan ikafuata kwa 152, na Uhispania 133. Mmoja wa waliomwandikia Valentina wimbo wake, J'imagine, ni Barbara Pravi. Shika jina hilo.

SAA MOJA, MARA TATU, BASI

Kwa wakubwa, EBU iliapa kwamba 2021 haitafutwa kamwe, liwalo na liwe. Ikapanga mipango minne, kuanzia shindano la kawaida kabisa hadi lile ambalo kila msanii angeimba akiwa kwao bila mtu yeyote kusafiri. Mwishowe ulichukuliwa mpango wa kati: wasanii wasafiri hadi Rotterdam, wapimwe kila mara, wakae mbalimbali, na mashabiki wachache waingie.

Hata hivyo kila nchi, yote 39, ilitakiwa kutengeneza kanda ya akiba kabla ya kusafiri. Msanii akiugua au akizuiwa kusafiri, kanda hiyo iimbe kwa niaba yake.

Sasa, kanda inaweza kuwa uwongo mtupu. Ndiyo maana walikaa chini wakaandika kanuni, na kanuni hizo ndizo zilizonifanya niandike makala haya. Kanda irekodiwe studio, wimbo uimbwe mwanzo hadi mwisho bila kukatwa. Una saa moja. Unaweza kuimba mara tatu, kisha uchague moja. Baada ya hapo sauti isiguswe. Pasiwe na mashabiki studio. Pasiwe na picha za kompyuta za kubandikwa juu ya video, wala droni. Na wakati wote wa kurekodi, watu wa EBU wanakutazama kupitia intaneti kuhakikisha huchezi rafu.

Nilipomsomea dadangu hayo, aliniuliza nirudie pale pa droni.

Kilibadilika kitu kimoja ambacho mashabiki wa zamani walikilalamikia: mwaka huo nchi ziliruhusiwa kutumia sauti za waitikiaji zilizorekodiwa, ili watu wachache wasafiri. Sauti ya mwimbaji mkuu ilibaki ya papo hapo. Ruhusa hiyo iliwekwa kama majaribio ya muda tu, lakini ikabaki hata baada ya corona. Wapo wanaosema iliua kwaya za Eurovision. Mimi niliyelelewa kwenye kwaya naona wana hoja.

KANDA MBILI, MATOKEO MAWILI

Kanda zilihitajika mara mbili. Tuziangalie, maana haziko sawa.

Ya kwanza ni ya Australia. Ndiyo, Australia hushiriki Eurovision, tangu 2015. Msanii wake, Montaigne, hangeweza kusafiri kwa sababu ya vikwazo, kwa hivyo akawa wa kwanza katika historia ya shindano hilo kushindana bila kufika mahali linapofanyika. Kanda yake ilirekodiwa Sydney na kuonyeshwa nusu fainali ya Mei 18. Hakufuzu. Hiyo pia ilikuwa mara ya kwanza kwa Australia kutofika fainali.

Ya pili ni ya Iceland. Daði na wenzake walikuwa wamefika Rotterdam na kufanya mazoezi kwenye jukwaa lenyewe. Mwenzao alipopatikana na virusi, kundi halikutaka kupanda bila yeye. Kwa hivyo ikachukuliwa kanda ya mazoezi ya Ahoy, si ile ya akiba waliyotengeneza nyumbani. Iliwafikisha fainali, na fainali ikawapa nambari nne.

Je, Australia ilishindwa kwa sababu ya kanda? Hakuna anayeweza kuapa. Pengine wimbo haukuwagusa watu, basi. Lakini tazama tofauti. Daði alirekodiwa kwenye jukwaa lile lile la wapinzani wake, kamera zile zile, taa zile zile. Ukitazama bila kuambiwa, ungedhani yuko pale. Montaigne alikuwa studio, bara jingine, na mtazamaji aliiona tofauti hiyo sekunde ya kwanza.

Hapo EBU yenyewe, pamoja na kanuni zake zote, haikufikia usawa kamili. Kanuni ziliwazuia watu kudanganya, lakini hazikuweza kumpa Montaigne ukumbi. Na nadhani ni muhimu tuliseme hili sisi tunaopenda kusema siku hizi kila kitu kinaweza kufanywa "online". Kinaweza, ila kuna anayelipa gharama, na mara nyingi ni yule aliye mbali zaidi.

Kuna jambo jingine pia. Mwimbaji hula kutoka kwa watu walio mbele yake. Tusse alishinda mchujo wa Sweden katika studio ya Stockholm isiyo na hadhira hata moja. Duncan Laurence, Mholanzi aliyeshinda 2019 na ambaye angekuwa mfalme wa usiku ule, alipatikana na corona wiki hiyo hiyo na watu wake wakamwona kwa rekodi tu. Wote hawa waliimba vizuri. Lakini dadangu, aliyeimba mara kumi na nne mbele ya kabati, aliwatazama na kusema, "Unaona anavyotafuta mtu wa kumwangalia?" Sikuwa nimeona. Aliponionyesha, sikuweza kuacha kuona.

MAJAJI WALISEMA HIVI, WATU WAKASEMA VILE

Usiku wa fainali ulikuwa na fundisho jingine, la kura. Majaji walipomaliza, Uswisi ilikuwa inaongoza kwa pointi 267. Italia ilikuwa ya nne. Kisha zikaja kura za watazamaji: Italia pointi 318. Kundi la Måneskin, vijana wa roki waliowahi kuimba barabarani mjini Roma wakitafuta sarafu, likaruka hadi kileleni kwa jumla ya 524. Ufaransa ikawa ya pili kwa 499, na mwimbaji wake ni nani? Barbara Pravi, yule yule aliyemsaidia mtoto Valentina kushinda miezi sita kabla. Uswisi ikamaliza ya tatu, Iceland ya nne, mbele ya nchi 22 zilizoimba pale pale ukumbini. Tusse alikuwa wa 14, Destiny wa saba.

Majaji peke yao wangetoa mshindi mmoja, na watu wakachagua mwingine. Lakini pande zote mbili zilikuwa na uzito, na kila mtu alijua uzito huo kabla ya noti ya kwanza kuimbwa. Hakuna aliyeamka katikati ya shindano akasema, "Sasa tutahesabu likes."

Wiki moja baadaye zile kanda za akiba ambazo hazikutumika zilianza kuonyeshwa YouTube. Kama hujaziona, zitafute. Ni nyimbo zile zile bila makofi, bila fataki. Unasikia mtu akivuta pumzi. Unasikia mahali alipokaribia kuteleza. Dadangu alizitazama zaidi ya fainali yenyewe.

KABLA HUJABONYEZA TUMA

Corona ilipungua, kafyu ikaondolewa Oktoba 2021, lakini mashindano ya kutuma video hayakuondoka. Yamezidi. Kila wiki kuna "challenge" fulani, kampuni fulani inatafuta sauti mpya, mwandalizi fulani anasema wewe rekodi tu na simu yako. Siwezi kukuambia usiingie. Wapo waliotokea huko. Lakini kutokana na yaliyompata dadangu, na yale EBU ilikaa ikayafikiria, kuna maswali ya kuuliza kabla hujamaliza bando yako.

La kwanza, kanuni zimeandikwa wapi, na zinaweza kubadilishwa baada ya watu kutuma? Kama hakuna kanuni zilizoandikwa, jua hilo si shindano, ni tangazo la biashara na wewe ndiwe unayelitangaza bure.

La pili, nani anaamua? Kama ni majaji, ni akina nani? Kama ni kura, mtu mmoja anaweza kupiga mara ngapi, na je, analazimika kuwasikiliza wengine? Likes hununuliwa, hilo sote tunalijua. Ikiwa zinahesabiwa zenyewe tu, unashindana na mfuko wa mtu.

La tatu, kila mtu anarekodi kwa njia moja? Kama anayeimba kwa simu yenye ufa anapimwa pamoja na aliyekodi studio na droni, uliza sauti isafishwe kwa wote au isisafishwe kwa yeyote. Swali hilo halina aibu. Mashirika makubwa ya utangazaji ya Ulaya yaliliuliza.

La nne, video yako inabaki kwa nani? Soma yale maandishi madogo chini. Usije ukasikia sauti yako ikiuza sabuni na wewe hujalipwa hata nauli.

Na nyinyi mnaoandaa, iwe ni kanisa, chama cha vijana mtaani au klabu ya chuo, mnaweza kufanya haki bila pesa nyingi. Waambieni wote waimbe bila kukata, kamera isisogee, sauti isiguswe. Wapeni majaribio matatu. Wanaopiga kura wachague watatu. Hizo ni kanuni za bure kabisa.

SAA NANE USIKU

Fainali iliisha ikikaribia saa nane za usiku kwetu. Bando ilikuwa imebaki kidogo, chai imepoa, na kesho yake kulikuwa na kanisa. Nilidhani dadangu amelala.

Akaniambia nishike simu.

Hakutundika blanketi. Hakusimama kati ya kabati na ukuta. Alikaa pale pale kitandani, shuka mabegani, akaimba wimbo ule ule wa Juni, kwa sauti ya chini ili asimwamshe mama chumba cha pili. Katikati sauti ilimkatika. Akacheka, akavuta pumzi, akaendelea hadi mwisho.

"Turudie?" nikamuuliza.

"Hapana. Hii hatuitumi popote," akasema. "Nilitaka tu kujua kama naweza mara moja."

Ningali nayo kwenye simu, na ufa wake kwenye kona.